Kabati la vitabu Ujiji: darasa la nne na la tano niwape nini cha kusoma?

MwalimuUjiji

Habari za jioni ndugu zangu. Nafundisha Kiswahili darasa la nne na la tano katika shule ya msingi hapa Ujiji. Mwalimu mkuu amenikabidhi kabati lenye kufuli na chumba kilichokuwa stoo ya majembe, akasema nifanye maktaba. Fedha kidogo ipo, kamati ya shule imekubali kuongeza, na mfanyabiashara mmoja wa Mwanga ameahidi kuchangia. Kwa hiyo siombi mchango. Naomba majina ya vitabu, na uzoefu wa watu waliokaa na watoto wakasoma nao.

Watoto wangu wako hivi. Wapo wachache, ukimpa kitabu asubuhi, mchana amekimaliza na anadai kingine. Wapo wengi wa katikati. Halafu kuna kundi linaloniumiza: wamefika darasa la nne, upimaji wa kitaifa uko mbele yao, na bado wanasoma kwa kuunga silabi, sa-fa-ri, wakifika mwisho wa sentensi hawakumbuki mwanzo ulisema nini. Nyumbani wengi ni Kiha kitupu, baba yuko ziwani usiku, mama anawahi sokoni alfajiri. Akili wanazo. Kuna mmoja anayekaa upande wa Kibirizi, darasani kimya kabisa, lakini mwulize kwa nini wavuvi wa dagaa hawatoki mwezi ukiwa mkubwa, au taa zinapangwaje kwenye mtumbwi, atakueleza mpaka kengele ilie. Huyo ndiye namtafutia kitabu kabla ya wote.

Riwaya gani zinafaa umri huu? Na vitabu vya picha je, si vitawatia aibu? Mwalimu mwenzangu anasema picha ni za awali na darasa la kwanza, kumpa mtoto wa darasa la tano ni kumrudisha nyuma. Moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kumjibu.

MamaGungu

Mwalimu, hongera kwa kabati. Mimi nauza vitenge Mwanga, ualimu siujui, lakini nina watoto wanaosoma na nitakwambia kilichofanya kazi nyumbani kwangu: Hekaya za Abunuwasi. Yule wa katikati alikuwa hataki kitabu hata cha bure. Shangazi yake akamsomea ile ya sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani, anasema imezaa. Jirani kwa tamaa anapokea vyote viwili. Safari ya pili sufuria hairudi, anaambiwa imekufa, na aliyekubali kwamba sufuria huzaa atakataaje kwamba hufa? Mtoto alicheka mpaka akajilaza chini, kisha akamnyang'anya shangazi kitabu atafute inayofuata.

Hadithi zenyewe ni fupi, moja inaisha kabla ugali haujaiva. Kwa mtoto anayechoka haraka hilo ni jambo kubwa, kwa sababu anasikia amemaliza kitu. Chetu hata jalada hakina tena.

MzeeWaIsevya

Mwangaluka, mwalimu. Nakuandikia toka Tabora. Nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na siku hizi jioni watoto wa mtaani wanakuja kwangu chini ya mwembe, tunasoma. Swali lako limenigusa, nitaandika kirefu, univumilie.

Nianze na mwenzako. Mwambie hivi: kuna picha ya pambo na kuna picha inayobeba hadithi. Ya pambo ni pale maneno yanaposema mbuzi anakula majani na pembeni kachorwa mbuzi anakula majani. Hiyo kweli itamchosha mtoto wa darasa la tano. Sasa chukua kitabu kinachoitwa Handa's Surprise, cha Eileen Browne, kilichotoka 1994. Handa ni msichana wa Kiluo, Kenya. Anakwenda kijijini kwa rafiki yake Akeyo na kapu kichwani, ndani matunda saba, kila moja la aina yake. Njiani anajiuliza Akeyo atapenda lipi zaidi, ndizi au pera, chungwa au embe. Maneno yanaishia hapo, kwenye mawazo yake. Lakini kwenye picha tumbili anashusha mkono toka mtini anachukua ndizi. Mbuni anadokoa pera. Tembo anapitisha mkonga, embe hilo limeondoka. Twiga anabeba nanasi. Handa anatembea tu, anawaza, kapu linazidi kuwa tupu na yeye hana habari. Halafu mbuzi aliyefungwa anakata kamba, anaparamia mchenza, machenza yanamwagika kapuni. Akeyo anashangilia, kumbe chenza ndilo tunda analolipenda kuliko yote, na anayebaki kinywa wazi ni Handa.

Ukifungua kitabu hicho mbele ya watoto, hawakai. "Geuka nyuma! Tembo huyo!" Wanasimama, wanamwelekeza kwa vidole. Na tazama kinachotokea pale: anayeunga silabi na yule hodari wa darasa wako sawa, wote wanajua jambo ambalo mwenye kapu halijui. Kwa mtoto aliyezoea kuwa wa mwisho kujua kila kitu, hiyo ni siku ya aina yake.

Kitabu kina maneno machache ya Kiingereza. Mimi nasimulia kwa Kiswahili huku kurasa zikiwatazama wao. Nikimaliza namwachia mtoto mmoja asimulie upya, na wako akitaka kuanza kwa Kiha, mwache aanze kwa Kiha. Baada ya hapo ndipo unaandika sentensi nne tano za Kiswahili ubaoni. Safari hii hafukuzani na sauti tupu, anasoma jambo ambalo tayari analo kichwani, na akifika mwisho wa sentensi anajua mwanzo ulisema nini.

Ama aibu, hiyo tunaileta walimu kwa jinsi tunavyogawa. Ukitangaza "wasiojua kusoma waje wachukue vya picha," umeharibu. Weka vyote meza moja, waache na hodari wachague, utaona wenyewe watakavyogombania vya picha. Na wewe uonekane unavisoma.

Riwaya sasa. Tenganisha ile utakayowasomea wewe na ile atakayosoma mtoto peke yake, maana masikio ya mtoto yako mbele ya macho yake kwa miaka. Ya kuwasomea, mimi nina moja nisiyoibadilisha: Adili na Nduguze, ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Usianze na maelezo ya mwandishi wala fasihi. Waambie tu kwamba mfalme Rai amemtuma mtu wake Ikibali akadai kodi kwa Adili, liwali wa Janibu, mtu mwema ajabu, na usiku mgeni akamchungulia mwenyeji wake. Akaona nini? Akamwona Adili anawacharaza mijeledi manyani wawili waliofungwa, kisha anawafuta machozi na yeye mwenyewe analia. Hapo funga kitabu. Watakufuata mpaka ofisini. Kesho yake ndipo wajue hao manyani ni nani, na Hasidi na Mwivu walimfanyia nini ndugu yao. Pale mawaidha yanaporefuka, fupisha kwa maneno yako.

Ya kusoma peke yake iwe na sura fupi, mhusika awe rika lake, na herufi zisibanane. Kupima ugumu, mwambie afungue ukurasa wowote akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Mkono mzima ukikunjika, kitabu bado ni kigumu. Lakini akikikumbatia hivyo hivyo, mwachie, hamu ina nguvu ambayo kipimo hakioni.

Na uwe mwangalifu na riwaya za sekondari zenye watoto ndani yake. Jina la Watoto wa Mama N'tilie, ya Emmanuel Mbogo, linamvuta mnunuzi, na ni kazi nzuri, lakini Zita na Peter wanafukuzwa shule kwa ajili ya ada na sare, halafu mtaa wa Dar es Salaam unawameza. Mtoto wa miaka kumi usimwache peke yake na habari hiyo. Kisome mwenyewe kwanza, kisha uamue kuhusu darasa la saba.

Kabla hujanunua chochote, fungua makasha yaliyoko stoo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991, ukawa unanunua nakala kwa wachapishaji wa hapa nchini na kuzipeleka shuleni, hasa vijijini. Shule nyingi vitabu hivyo vimelala chini ya vyeti vya zamani na mipira iliyopasuka.

Huyo kijana wa Kibirizi nimemweka mwisho makusudi. Kitabu chake cha kwanza mwandike yeye. Kaa naye wakati wa mapumziko, akueleze habari ya dagaa, wewe andika maneno yake kama yalivyo, sentensi moja kila ukurasa, juu uache nafasi achore. Mtumbwi, taa, wavu, mwezi. Akimaliza, kishone, kiandike jina lake juu ya jalada, kiingie kabatini pamoja na vingine na wenzake wakiazime. Atakisoma bila kuunga silabi kwa sababu kila neno limetoka kinywani mwake. Nimeona mtoto akibadilika mabega kwa jambo hilo.

BotiYaKaskazini

Shikamoo mzee, umemaliza kila kitu. Mimi niongeze kimoja kwa ajili ya huyo dogo wa Kibirizi, maana boti za kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, zinaondokea hapo hapo kwao. Kuna kitabu cha picha kinaitwa Me... Jane, cha Patrick McDonnell, kimetoka 2011. Ni utoto wa marehemu Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, kule Uingereza: msichana na sokwe wake wa kitambaa aitwaye Jubilee, anapanda mti, anajificha kwenye banda aone kuku anavyotaga, usiku anaota Afrika. Maneno machache mno kila ukurasa. Mwishoni michoro inakoma na inakuja picha halisi ya kamera, Jane amenyoosha mkono na mtoto wa sokwe amenyoosha wake. Hapo mwambie mtoto: huyu alishuka Gombe Julai 1960, ufuko ule ule ambao baba yako anaupita.

Nawapeleka wageni huko na nakutana na wengi waliosoma habari za Gombe wakiwa wadogo, mbali na ziwa hili. Wa kwetu nao wanastahili kuzisoma.

MwalimuKasulu

Mzee namheshimu sana, ila kwa Adili na Nduguze natofautiana naye kidogo. Kiswahili cha mle ni kizito, darasa langu la nne lilipotea katikati. Mimi naiweka darasa la sita.

Kwa darasa la nne natumia African Storybook. Ni mradi wa Afrika Kusini ulioanza 2014, hadithi za picha ziko mtandaoni bure, za Kiswahili zipo nyingi, na leseni yake inaruhusu kuchapa na kugawa. Zimepangwa kwa viwango, kuanzia maneno machache kwa ukurasa hadi aya ndefu, hivyo unaweza kumpandisha mtoto polepole bila yeye kujua. Shida iko kwenye kopi. Ukichapa nyeusi na nyeupe, picha za rangi nzito zinageuka masizi mtupu na hadithi inapotea. Chagua zenye michoro ya mistari, jaribu ukurasa mmoja kwanza pale steshenari kabla hujalipia zote. Pini za stepla zinaachia haraka mikononi mwa watoto. Mimi nashona mgongo kwa uzi wa nyavu na sindano ya magunia, na ninyi wa Ujiji uzi huo mnao mlangoni.

MwalimuUjiji

Nawashukuru nyote, shikamoo mzee. Nimefungua stoo leo. Chini ya mabango ya zamani ya afya kuna kasha la vitabu vya hadithi vya Kiswahili, baadhi mchwa wamepita, vingi vizima kabisa. Abunuwasi nitanunua nakala za kutosha kundi zima. Adili nitawasomea darasa la tano, nifunge pale kwa manyani kama ulivyosema, la nne lisubiri kama anavyoshauri mwenzangu wa Kasulu.

Na kijana tumeanza naye. Sentensi yake ya kwanza: "Dagaa wanapenda taa, lakini mwezi ukiwa mkubwa wanasambaa." Amekataa niandike "samaki", anasema dagaa ni dagaa.

Limebaki jambo moja. Mwenzangu anataka vitabu visitoke chumbani, visomwe pale pale, anahofia mvua na wadogo zao nyumbani. Mnasemaje?

MzeeWaIsevya

Marahaba mwanangu. Kasulu ana haki yake, darasa analijua mwenye darasa. Mimi nilisema kuwasomea, kuwagawia ni habari nyingine.

Vitoke. Kipindi ni dakika arobaini, ukigawa na kukusanya zimebaki ngapi? Na huko nyumbani wadogo zake ndio watakaosimuliwa. Daftari la kuazima waandike wenyewe, jina, kitabu na tarehe, asimamie mwanafunzi, tena mpe kazi hiyo mmoja wa wale wanaounga silabi, atayasoma majina ya vitabu kila siku mpaka yamkae. Kwa mvua, kusanya viroba vya unga, vifuliwe, fundi cherehani akushonee mifuko yenye kifuniko, kila kitabu na mfuko wake. Fanyeni mapema, Novemba haiko mbali. Kikilowa usimdai mtoto faini, mzazi atamkataza kuazima tena. Kianike kivulini, jua kali linakunja jalada.