MJADALA: Gari la milioni 20 kwenye mchanga wa Mambrui, tuwaache wajifurahishe ama ufuo ufungwe?

Dereva wa Sala

Wazee kwa vijana wa Malindi, salamu. Naomba tulijadili hili bila matusi manake kule stendi limeshazua kelele za kutosha.

Jumapili iliyopita nilikuwa Mambrui na wageni wawili, saa nne asubuhi, maji yamekupwa, mchanga uko wazi mpaka mbali, mara zikatokea gari nne kubwa, Land Cruiser 300 mbili, Defender na Patrol, zinang'ara utadhani zimetoka kuoshwa, zikateremka kwenye vile vilima vya mchanga kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Wakazunguka, wakarusha mchanga, mmoja yuko juu ya paa anapiga video. Haya. Kruza moja ikaingia pale mchanga unapokuwa na maji chini, pale ambapo mtoto yeyote wa Mambrui anajua hata baiskeli haipiti, ikakaa. Dereva akakanyaga mafuta, akakanyaga tena, na kila akikanyaga tairi zinajichimbia kaburi mpaka ile ngazi ya mlango ikalala juu ya mchanga. Na siku ile ilikuwa bamvua.

Kwa wasiokaa na bahari, bamvua ni zile siku za mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapwa sana na kujaa sana, huku kwetu tofauti inapita mita 3. Yaani pale pale saa nne ni uwanja wa mpira, saa kumi jioni samaki wako golini.

Ile Kruza ya pili ikajaribu kumvuta mwenzake, kamba ikakatika na yenyewe ikaanza kuzama. Aliyewaokoa ni mzee mmoja mwenye pikapu kuukuu ya kubebea samaki. Alishuka na koleo, hakusema neno, akaokota kijiti, akachuchumaa kwenye tairi moja baada ya nyingine akatoa upepo, pssss, dakika kumi nzima watu wamesimama wanamwangalia. Vijana wakachimba mbele ya tairi, wakasukumiza makuti chini, ndio akafunga kamba yake. Ikatoka mara ya kwanza. Mawimbi yalikuwa yameshafika kama hatua ishirini hivi.

Msimamo wangu mimi, gari la bei si dhambi na kulipeleka njia mbaya si dhambi. Lakini ufuoni na kwenye vilima vya mchanga gari za starehe zisiingie kabisa. Mnasemaje?

Bwana Kruza

Mimi ni mmoja wa wale wanne, na sijifichi. Kaka, lile gari sikuiba, nimelilipia ushuru ambao ukiambiwa utakaa chini. Sasa mtu anunue jembe alitundike ukutani? Hizi gari zimeundwa kwa kazi hii, kule Dubai watu wanashinda kwenye matuta ya jangwa na hakuna anayewaita wendawazimu, ila sisi tukifanya hapa basi tunaringa. Upepo wa tairi nakubali tulikosea, tulikuwa na haraka. Lakini tulilala hoteli siku mbili, tukala, tukaweka mafuta, na vijana waliosukuma tukawapa 12,000. Tusipokuja nyinyi mnapata nini? Low season mnalia wageni hakuna, wageni wakija mnawafungia ufuo.

Fundi Springi

Wacha niseme ninachokijua. Ile 300 ni karibu tani 2 na nusu bila kitu ndani, tia watu watano, friji, hema la juu na maji ya kunywa, unacheza na tani 3. Jimny, ile Suzuki ndogo, ni tani moja na kidogo. Mchanga hauulizi bei, unauliza uzito na upana wa tairi unaogusa chini. Ndio maana mzee alitoa upepo, kwenye lami unaweka PSI 35 hivi, yaani kipimo cha upepo, mchangani unashuka 18, ukizama kabisa 15, tairi linalala linakuwa refu kama unyayo wa ngamia. Ukiwa huko chini usikate stelingi kwa nguvu, tairi litatoka kwenye rimu. Na hapo ndipo hizi gari za kifahari zinapoumbuka, zinakuja na rimu za inchi 20, ukuta wa tairi mfupi, ukitoa upepo hakuna cha kulala. Mwenye akili anabadilisha anaweka 17 au 18 kabla hajatoka nyumbani.

Kitu kingine, gari lina kompyuta ya kulitambaza lenyewe, wewe unashika stelingi tu, linakanyaga na kufunga breki tairi kwa tairi. Inafanya kazi vizuri wallahi, nimeiona. Lakini haijui bamvua.

Halafu chumvi. Maji ya bahari yanaingia kwenye soketi za waya, kwenye bearingi, kwenye breki, mwenye gari anafuta vumbi anarudi Nairobi roho safi. Miezi mitatu baadaye taa za dashibodi zinawaka zote kama Maulidi ya Lamu. Hapo ndio ananipigia. Ile pikapu ya mzee, springi za nyuma ni za mabapa, ukifungua boneti unaiona injini, hizi mpya ukifungua unaona plastiki. Mimi sipingi mtu kwenda, biashara napata, ila ukitoka ufuoni osha chini kwa maji matamu siku hiyo hiyo, sio kesho.

Mlinda Kasa

Nyote mnazungumzia gari. Mimi natembea ufuo usiku kuangalia mayai, na nataka muone ninachokiona.

Kasa akipanda kutaga anachimba juu kabisa ambapo maji hayafiki, anaacha mayai mia na zaidi, anafukia, anaondoka. Mchana hujui kama pana kitu. Yale mayai yanakaa kama miezi miwili, na msimu mkubwa ni kuanzia Machi hadi Julai hivi, ambapo ndani yake kuna Pasaka na sikukuu nyingine mnazokuja nyinyi. Bwana Kruza, ukipita na tani zako 3 juu yake hutahisi chochote. Mchanga unashindiliwa, vitoto vinaanguliwa vikashindwa kutoka.

Vikitoka navyo, kitoto cha kasa ni kama sentimita 5. Alama ya tairi lako ina kina cha kiganja. Kwake yeye hilo ni korongo la Marafa, lile bonde lililochimbika karibu na Malindi. Anaingia mle hawezi kupanda, anaufuata mfereji sambamba na bahari, anaisikia bahari pale pembeni lakini hafiki, mpaka kaa wamkute au jua limchomozee. Asubuhi moja nilivitoa ndani ya alama ya tairi nikivihesabu kwa mkono, wengine wameshakauka kama maganda ya ukwaju.

Kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, hilo halina mjadala. Na ile mimea inayotambaa yenye maua ya zambarau ndiyo inayoshika kilima cha mchanga, ukiisaga kilima kinaanza kutembea na upepo wa kusi mpaka kwenye mashamba ya watu. Hao wa Dubai sijui, lakini sidhani kama kwenye yale matuta ya jangwa kasa anataga.

Mlamu Halisi

Sisi huku Amu kisiwani hatuna shida hiyo, gari ni za kuhesabu na punda hana sensa 😂

Ila niulize, mbona tunaongea kama njia mbaya ni mchezo? Masika ya 2024 barabara yetu ya Garsen ilipofunikwa na maji pale Lango la Simba mabasi yalisimama, watu wakalala njiani. Mgonjwa akitolewa Witu kipindi kama kile ni Land Cruiser ndiyo itakayopita kama kuna kitakachopita. Kwa hiyo msilitukane gari. Tena natamani hao wenye 300 waje siku ya mafuriko wajaribie hapo ustadi wao, tutawapigia makofi.

Dereva wa Sala

Bwana Kruza, ahsante kwa kujitokeza, wengine wangenyamaza. Lakini hiyo hoja ya jembe naigeuza. Jembe hulimi nalo uani kwa jirani.

Mimi kazi yangu ni njia ya Sala, zaidi ya kilomita 100 kutoka Malindi mpaka geti la Tsavo Mashariki, halafu unafuata mto Galana kuelekea maporomoko ya Lugard Falls. Mvua ikinyesha kuna sehemu utalia. Changarawe inayotetemesha meno, makorongo, matope yanayokupeleka yanakotaka yenyewe. Hapo gari lako litafanya kazi iliyotiwa pesa zake. Na ukishaingia mbugani mwendo ni kilomita 40 kwa saa na sheria ya KWS, shirika la wanyamapori, hairuhusu kutoka njiani, hata uwe na Kruza ya dhahabu, na sijawahi kusikia tajiri akilalamika kwamba anaonewa. Kwa nini ufuo wetu uwe ndio shamba la bibi?

Anayetaka pasipo na njia kabisa, Rhino Charge, yale mashindano ya gari za njia mbaya, wapo tangu 1989. Wanakwenda mahali tofauti kila mwaka kwa makubaliano na wenyeji, na pesa zao ndizo zilizosaidia kujenga ule uzio wa kuzunguka msitu wa Aberdare wa karibu kilomita 400. Tena nyingi za gari zile zimekatwa na kuchomelewa upya, hakuna anayeogopea rangi.

Na kwa vile Marafa imetajwa, wazee wanasema pale Nyari, yaani kwenye korongo lenyewe, palikuwa na watu matajiri waliokuwa wakioga maziwa ya ng'ombe wakati majirani wanakosa hata maji, ndipo ardhi ikawameza. Sisemi kitu, nimekumbuka tu.

Bwana Kruza

Hiyo ya maziwa umenipiga kijembe nimekisikia 😅 Mlinda Kasa, la mayai kweli sikuwa nalijua, nilidhani ni mpaka uyaone ndio uyakanyage. Lakini kufunga ufuo wote nakataa bado. Wekeni kipande kimoja, wekeni vibao, wekeni miezi. Tulipishe ada iende kwa hao wanaotembea usiku. Mkifunga kabisa watu wataingia usiku, na hapo ndio mbaya zaidi.

Mlinda Kasa

Kipande gani? Kasa hasomi kibao. Lakini chini ya mstari wa maji kujaa, mchana, nje ya msimu, kwa mwendo wa polepole, hapo niko tayari kukaa na BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na wazee wa Mambrui tusikilizane. Kwenye vilima, hapana. Hilo usinipunguzie bei.

Msukuma Gari

Nimesoma yote nikasema na mimi niongee manake nilikuwepo, nilichimba mpaka kucha zikatoka damu. Kwanza mimi sitaki ufuo ufungwe. Kazi hakuna, gari likizama mimi nakula, huo ndio ukweli na mtu asinichukie. Pili hiyo 12,000 ya Bwana Kruza, tulikuwa watu tisa. Pigeni hesabu, si mbaya, lakini imesemwa hapa utadhani tumejengewa shule.

Tatu, mzee wa pikapu hakupewa hata ya mafuta. Aliambiwa ahsante sana mzee, Mungu akubariki, gari zikawashwa.

Bwana Kruza

Wallahi hilo silijui. Mimi nilikabidhi pesa kwa kijana mmoja nikajua zinagawanywa kwa wote na mzee yumo. Nipeni njia ya kumpata nimtumie leo, na kamba nitamnunulia mpya.

Msukuma Gari

Nimemuuliza leo asubuhi pale wanapopimia samaki. Hataki pesa, anasema bahari ikitaka kitu cha mtu hutoi risiti. Anachotaka ni koleo lake. Mliondoka nalo ndani ya Defender.