Nimepigwa Kigoma: nimeuziwa "frosti" ya bafuni, ikimwagiwa maji inageuka dirisha!

Wakuu salaam. Leo sijaja kuomba ushauri, nimekuja kulalamika. Anayeona uzi ni mrefu apite tu, sitamkasirikia, hasira zangu zina mwenyewe.

Nina gesti ndogo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Vyumba tisa, vitatu ni self, yaani bafu limo humohumo chumbani. Mwezi uliopita nikasema hivi vitatu nivipandishe hadhi kidogo, niondoe mapazia ya plastiki bafuni niweke kizuizi cha akriliki ya ukungu, ile plastiki ngumu kama kioo ambayo mafundi wetu wanaiita frosti. Kioo nilikiogopa. Kioo kimpasukie mteja akiwa na sabuni machoni, hiyo ni kesi. Halafu ni kizito. Akriliki ya unene uleule uzito wake haufiki hata nusu ya kioo. Shiti nzima ya futi nne kwa nane, mm 3, ni kama kilo kumi na nusu, kijana mmoja anaibeba kichwani. Mpaka hapo hesabu zangu zilikuwa sawa.

Nikaenda dukani, nikamwambia muuzaji kwa Kiswahili kisicho na kona: "Nataka ya bafuni, mtu asionekane." Akatoa shiti, akaisimamisha, akarudi nyuma yake hatua tatu hivi. Kweli nikaona kivuli tu. "Hiyo ndiyo frosti bosi, zote ni zilezile." Yashikeni hayo maneno. Nikalipa. Mali na ufundi vikanila laki sita na nusu.

Wiki ya pili tu, akaja mama mmoja mtu mzima na mkaza mwanawe, wamekuja msibani Ujiji. Wakachukua self moja ya vitanda viwili kubana matumizi. Asubuhi nawakuta mapokezi wamekaa viti viwili tofauti, kila mmoja anatazama ukuta wake. Yule mama akaniita pembeni, akashusha sauti: "Mwanangu, lile si bafu. Ile ni televisheni."

Wakuu, mimi mtoto wa kiume, mama wa watu ananiambia hivyo. Mtu na mkwewe! Niliwarudishia hela yao yote na bado sikuweza kumtazama usoni.

Nikaingia kile chumba mwenyewe, nikafungua bomba, nikatoka nikasimama upande wa vitandani. Maji yanavyoteremka, kila mahali yalipopita ukungu unafutika. Ndani ya dakika moja nilikuwa nahesabu vigae vya ukuta wa pili na kuona rangi ya boksi la sabuni. Nikafunga bomba, pakakauka, ukungu ukarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama uchawi vile.

Uchawi gani. Nilichukua kipande kilichobaki nikampelekea jamaa mmoja anayetengeneza mabango ya taa Ujiji. Hata hakuniuliza. Alilamba kidole, akakibandika upande wenye mkwaruzo, akaniambia nitazame. Pale palipogusa kidole pakawa kitundu cheupe pee, unaona mpaka upande wa pili. Akasema chukua gazeti walilofungia maandazi: penye mafuta si unaona mwanga? Ndiyo hiyohiyo. Ukungu wa shiti yangu ni mikwaruzo midogo ya juu tu, inautawanya mwanga. Maji yakijaza yale mabonde uso unakuwa kama umesawazishwa, mwanga unapita moja kwa moja. Mafuta yanafanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko maji, na hayakauki. Mwenye mgahawa anayetaka kutenga jiko la migebuka kwa kitu hiki ajue mawese yatamfungulia madirisha mwenyewe.

Sasa kilichonipandisha presha ni hiki. Jamaa alimwaga vipande vyake mezani, na vyote hivyo dukani vinaitwa frosti.

Ipo ya kukwaruzwa juu, kwa mchanga wa mashine au kwa dawa, upande mmoja, ndiyo niliyopewa mimi. Ipo yenye mkwaruzo pande zote mbili. Hiyo bafuni ukilowesha upande mmoja, mwingine bado unakuficha. Ipo ambayo ukungu umo ndani ya mwili wenyewe, umechanganywa tangu inamiminwa, hiyo hata uizamishe Ziwa Tanganyika inatoka na ukungu wake. Na ipo akriliki angavu ya kawaida iliyobandikwa stika, ambayo mvuke wa bafuni ukiizoea inaanza kunyanyuka pembeni kama ngozi ya nyoka. Kuzitofautisha ni jambo la kukodoa macho tu. Tazama ukingo uliokatwa: ya juu-juu ukingo wake ni mwangavu kama maji, ya ndani ukingo wenyewe ni wa maziwamaziwa. Stika unaikwangua na ukucha kwenye kona. Basi. Muuzaji angeweza kunionyesha hayo huku akinitafutia chenji.

Na ile hatua tatu kurudi nyuma! Akanieleza hata hiyo ni changa la macho. Ukungu wa aina yoyote ukiwa mbali nao unakuwa kivuli, ukiusogelea mwili unaanza kujichora. Bafu langu lina upana wa mita moja. Mtu atarudi nyuma hatua tatu aende wapi, ukutani?

Sasa sikilizeni majibu niliyopewa. Muuzaji: "Bosi, hukusema itamwagiwa maji." Nilimwambia bafuni! Bafuni kunamwagwa nini, soda? Fundi naye: "Mimi nafunga ninacholetewa." Kumbe yeye ndiye aliyegeuza upande wa mkwaruzo ukaangalia bomba, eti upande laini unang'aa vizuri ukiwa chumbani. Angeugeuza tu, mkwaruzo ukae upande mkavu, yule mama angeoga kwa amani na mimi nisingeandika uzi huu.

Nisiwe mwongo, shiti yenyewe si feki. Jamaa alikichoma kiberiti kipande changu nyuma ya banda: kikawaka taratibu, moshi kidogo tu. Ila nikamletea na kipande cha bango langu la nje, nililonunua mwaka jana dukani palepale kwa jina hilohilo la akriliki, sasa limekuwa njano kama meno ya mvuta sigara. Hicho kilifuka moshi mweusi wenye masizi yanayoelea hewani. Polistirini. Plastiki ya bei ya chini, jua inaliogopa. Akriliki halisi inakaa juani miaka na miaka. Kwa hiyo nilishapigwa mara moja na sikujua, nikarudi na pesa zangu mkononi kupigwa tena.

Kwa hasira naongeza na hili: hakuna aliyeniambia isisuguliwe kwa spiriti. Binti wa usafi alikuwa anaifuta kwa spiriti kila siku ing'ae, masikini alidhani anafanya vizuri. Kuzunguka matundu ya skrubu pameota nyufa nyembamba kama nywele. Sabuni ya maji na kitambaa laini vilitosha.

UPDATE: Jana fundi amekuja, baada ya kumpigia simu mara saba. Tumekata silikoni, tumegeuza vizuizi viwili, nimefungua bomba, ukungu umebaki. Nusu saa tu kila kimoja. Cha tatu kimepasuka mkononi mwake palepale penye nyufa za spiriti. Muuzaji anasema yuko tayari kupokea shiti nirudishe, ila iwe haijakatwa. Chumba namba tatu nimerudisha pazia la plastiki.