Samani zilizotumika Moshi: nitajuaje kipi kinafaa kukarabatiwa?

Mpangaji wa Pasua

Habari zenu ndugu. Nimehamia Moshi kufundisha shule ya sekondari, na nimepata nyumba ya vyumba viwili na sebule upande wa Pasua. Nyumba ni nzuri lakini ni tupu kabisa, na fedha niliyoitenga kwa ajili ya samani ni shilingi 600,000, ambazo kwa bei nilizotajiwa kwenye maduka ya samani mpya zingeishia kwenye kochi peke yake. Ndiyo maana nimeamua kununua vitu vilivyotumika na kuvikarabati mwenyewe, kidogo kidogo, kila jioni nikitoka kazini.

Familia moja inayohama Shanty Town inauza kabati la vyombo kwa shilingi 120,000. Lina milango miwili ya kioo juu, droo mbili katikati na rafu chini. Limepakwa rangi nyeupe ya mafuta ambayo imeanza kubanduka, na droo moja haifungi vizuri. Wanauza pia kochi la watu watatu, jiko la kupikia wali la umeme na friji ndogo, ila bei za hivyo bado hatujazungumza. Naomba anayeijua kazi hii anieleze: nikifika pale nitazame nini kwanza, na ni vitu gani nisivinunue hata nikipewa kwa bei ya kutupa?

Seremala wa Majengo

Karibu Moshi, mwalimu. Kabati hilo usilikatae kwa sababu ya rangi, wala usilichukue kwa sababu ya rangi. Katika samani hakuna kitu chepesi kubadilisha kama rangi, na ndiyo inayofunika yale mazito: aina ya mbao, viungio, na wadudu.

Anza na mbao. Chomoa droo uigeuze, kisha chungulia mgongo wa kabati na uvungu wa rafu, kwa sababu sehemu hizo mara nyingi huachwa bila rangi. Mninga una rangi ya kahawia yenye michirizi mekundu na ni mzito mkononi. Mvule huanza na umanjano na kukolea kuwa kahawia kadiri miaka inavyopita. Paini ni nyepesi, nyeupe, yenye vifundo vingi. Ukikuta MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, pitisha kidole kwenye kingo za chini karibu na sakafu: zikiwa zimevimba kama mkate uliomwagikiwa chai, maji yamekwisha kuingia na hakuna msasa wala gundi itakayozirudisha. MDF iliyovimba acha hapo hapo. Paini yenye kasoro unaweza kuichukua ikiwa bei ni ndogo. Mninga au mvule wenye mguu uliovunjika, chukua bila kusita.

Jambo hili nalisema kwa uchungu, maana nimeona meza za mninga zikipasuliwa kuni kwa ajili ya mguu mmoja tu uliolegea. Ubao uliokaa ndani ya nyumba miaka 20 umekauka na kutulia. Hautajikunja tena wala kupasuka kama ubao mbichi unaouzwa leo na kutengenezewa samani kabla haujakauka sawasawa. Anayelipia samani ya zamani ya mbao ngumu ananunua ukavu ambao fundi wa leo hana muda wa kuusubiri.

Ukishaijua mbao, nenda kwenye viungio. Shika kabati pembe mbili za juu ulisukume taratibu kushoto na kulia. Likicheza kidogo, kiungio kimelegea gundi, na hilo ni kazi ya jioni moja: fungua kiungio, kwangua gundi ya zamani yote hadi mbao ionekane, paka gundi mpya ya mbao, kaza kwa kamba au kwa klampu, na usiliguse mpaka kesho yake. Watu wengi hukosea hapa kwa kupigilia misumari. Msumari huupasua ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu, na baada ya miezi michache kabati hucheza zaidi ya mwanzo, safari hiyo likiwa na ufa. Kwa ile droo isiyofunga, itazame vizuri kabla ya kuiranda. Mara nyingi kinachokwama ni ubao wa chini uliolegea au reli iliyolika, na kipande cha mshumaa ukiisugulia reli kinaweza kumaliza kazi. Kumbuka pia kwamba mbao hufura wakati wa masika. Ukiranda droo mwezi wa Aprili, kiangazi itakuwa inapwaya.

Mwisho ni wadudu. Tafuta vitundu vidogo vya mduara, vya milimita moja au mbili, hasa kwenye mbao nyeupe ya pembeni ambayo zamani ilikuwa karibu na gome, kwa sababu hata mti mgumu kama mninga hauna kinga katika sehemu hiyo. Vitundu vikavu visivyo na unga vinaweza kuwa vya zamani. Vikitoa unga laini mweupe ukigonga kwa kiganja, wadudu bado wamo ndani.

Mama wa Sakina

Mwanangu mwalimu, fundi amesema vyema kuhusu mbao. Mimi niongeze kuhusu vitambaa na mahali pa kununulia, kwa kuwa kazi yangu hapa Arusha ni kuvalisha makochi upya.

Godoro lililotumika usinunue. Kochi unaweza kununua, ila kwa masharti. Kwanza, geuza mito yote, ufunue mishono na kona kwa kadi ngumu, na umulike kwa tochi. Ukiona vidoa vyeusi kama vya wino wa kalamu, magamba ya kahawia au vijiyai vyeupe, hao ni kunguni, na kochi hilo liache hata kama unapewa bure. Kunguni mkubwa huweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo muuzaji anayekwambia kwamba kochi lilikuwa stoo muda mrefu hajakupa dhamana yoyote. Pili, nyanyua mguu mmoja wa mbele kiasi cha sentimita 15. Mguu wa pili wa mbele ukibaki chini, fremu imejipinda au imevunjika ndani. Tatu, kaa katikati, kisha kila pembeni, usikilize. Springi iliyokatika hulia, na mikanda iliyochoka hukuzamisha hadi uguse ubao.

Fremu ikiwa nzima na hakuna wadudu, sponji na kitambaa visikuogopeshe, lakini fanya hesabu kabla ya kukubali bei. Kochi la watu watatu laweza kula mita 10 za kitambaa au zaidi, na ukijumlisha sponji, uzi na ufundi, gharama hiyo mara nyingi huzidi bei uliyonunulia kochi lenyewe. Mteja anayefurahia kochi la shilingi 80,000 bila kuuliza bei ya kulivalisha hufika kwangu akiwa amekwisha kumaliza fedha, na inanisikitisha kumrudisha. Kama hesabu haikubali, nunua viti vya mbao vyenye mito ya kutoa, ambavyo foronya zake unaweza kushona mwenyewe.

Kwa mapazia, mashuka na mablanketi, nenda soko la mitumba la Memorial hapo hapo Moshi, na fika mapema siku ambayo wafanyabiashara wanafungua mabelo mapya, kwa sababu vitambaa vizito vya pamba na kitani huchukuliwa asubuhi. Mapazia makubwa ya mitumba ndiyo kitambaa cha bei nafuu kuliko vyote cha kuvalishia viti, na wengi hawalifahamu hilo. Ukifika nyumbani, kabla hujayaingiza chumbani, yaloweke kwenye maji ya moto sana ikiwa kitambaa kinastahimili, maana joto la nyuzi 60 huua kunguni na mayai yake. Jua la kawaida la kwenye kamba halitoshi.

Usisahau pia minada ya hadhara ya vifaa chakavu ambayo taasisi za serikali hutangaza, ambako meza na makabati ya ofisi ya mbao ngumu hupatikana. Huku Arusha, kwa sababu ya ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na mashirika ya kimataifa, wageni wanaomaliza mikataba huuza nyumba nzima kwa wakati mmoja, nao huwa hawana muda wa kuvutana bei wiki nzima.

Jambo moja la mwisho kuhusu rangi. Si kila mninga lazima uvuliwe rangi ubaki na vanishi. Chumba chenye dirisha dogo kinahitaji rangi nyeupe, na anayeishi humo ndiye mwenye haki ya kuamua.

Fundi Umeme, Kilombero

Kuhusu vifaa vya umeme, mwalimu, usiulize bei kabla hujasoma kibati kilicho nyuma au chini ya kifaa. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Vifaa vingi vilivyotumika vinavyoletwa kutoka Japani vimetengenezwa kwa volti 100, na vya Marekani kwa volti 120. Jiko la wali la volti 100 likichomekwa moja kwa moja kwenye ukuta wako, koili yake hupokea nguvu zaidi ya mara tano ya iliyokusudiwa, na litaungua papo hapo, pengine pamoja na plagi. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti. Itahitajika transfoma yenye uwezo unaozidi wati za kifaa, na kwa vifaa vya joto kama jiko na pasi, transfoma ya namna hiyo ni nzito na inaweza kugharimu kuliko kifaa. Kibati kikiandika 220 hadi 240, endelea na mazungumzo.

Friji isikilize ikiwa imewashwa, na usikubali kuonyeshwa ikiwa tayari ina baridi. Omba uikute ina joto, kisha iwashwe mbele yako. Fungia karatasi kwenye mlango uivute: ikitoka bila ukinzani, mpira wa mlango umekufa, na mpira huo hupatikana kwa baadhi ya aina tu. Soma pia jina la gesi ya kupozea. R134a na R600a mafundi wanazo, ila R600a inashika moto, hivyo anayeijaza awe anaifahamu. Ukikuta R12, iache, kwa sababu gesi hiyo ilisitishwa kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, na kwa nchi zinazoendelea kama yetu mwisho wake ulikuwa mwaka 2010. Wakati wa kuisafirisha isimame wima. Ikilazimika kulazwa kwenye kirikuu, isimamishe nyumbani saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili oili irudi kwenye kompresa.

Dai karatasi ya mauziano yenye majina, sahihi na namba ya kifaa. Kanuni ya Adhabu inahesabu kupokea mali ya wizi kuwa kosa, na karatasi ndiyo ushahidi wako kwamba ulinunua kwa nia njema. Familia inayohama haitakataa kukuandikia.

Mpangaji wa Pasua

Nawashukuru sana, na wewe mama, shikamoo. Nimekwenda. Jiko la wali lilikuwa la volti 100, nimeliacha. Kochi nalo mguu wa pili haukunyanyuka, nimeliacha. Friji mlango wake haushiki karatasi. Kabati mgongo wake ni kahawia wenye michirizi mekundu kama alivyoeleza fundi, na ni zito mno, ila rafu ya chini kabisa ni mbao nyeupe yenye vitundu vinavyotoa unga. Fremu haichezi. Je, nilichukue? Na masika yakianza, nitapaka rangi vipi?

Seremala wa Majengo

Lichukue, lakini rafu hiyo ishushe kwenye bei. Waonyeshe unga wenyewe, waeleze kwamba rafu itatupwa, na utaje shilingi 90,000. Andika kwanza hesabu ya ubao mpya wa rafu, dawa ya wadudu wa mbao, msasa, rangi au vanishi na nauli ya kirikuu, ili ujue ukomo wako kabla hujafungua mdomo.

Rafu itoe ukiwa bado nje ya nyumba, na ichomwe. Kisha vua rangi sehemu ya ndani ya fremu iliyogusana nayo, upake dawa kwenye mbao iliyo wazi, na kwenye kitundu chochote utakachokiona uingize dawa kwa bomba la sindano. Fanya hivyo uwanjani, ukiwa na glavu, na watoto wakiwa mbali. Oili chafu, ambayo wengi watakushauri, usiitumie. Inafaa kwa nguzo za uzio. Ndani ya kabati la vyombo itanuka miaka, na hakuna rangi itakayoshika juu yake.

Rangi nyeupe ya zamani usiisugue ikiwa kavu, kwa kuwa rangi za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Tumia dawa ya kuvulia rangi, au msasa wa maji huku ukilowesha, na funga barakoa. Mbao ikishakauka, anza na msasa namba 120, umalizie na 240, ukifuata mkondo wa nyuzi daima. Ukienda kinyume, mikwaruzo itaonekana chini ya vanishi hata ukipaka mara kumi.

Kuhusu masika, paka kuanzia saa nne asubuhi siku isiyo na mvua, ndani ya chumba chenye madirisha wazi, na kila mkono wa vanishi uwe mwembamba. Kopo likisema saa 8 za kukauka, wewe subiri hadi kesho yake. Vyombo usivipange kabla ya wiki moja, la sivyo sahani zitanata. Na mama wa Sakina yuko sahihi kwamba uamuzi wa rangi ni wako, ila nakuomba uvue upande mmoja wa droo kwanza, uutazame kwenye mwanga wa mchana, ndipo uamue.