Probox yangu plastiki nyeusi zimepauka, nipake nini kitakachokaa?

Mwalimu_Maseno

Wadau, hamjambo. Nina Probox, ile ya bampa nyeusi ambazo hazijapakwa rangi. Nafundisha Maseno na gari linashinda juani kutwa nzima kwa sababu pale tunapoegesha hakuna hata mti mmoja wa kivuli. Injini iko sawa, rangi ya bodi bado inang'aa, lakini plastiki zote nyeusi zimepauka: bampa mbili, vishikio vya milango, na ile kava ya chini ya waipa. Kava ndiyo mbaya zaidi, imekuwa kama jivu.

Vijana wanaoniosheaga gari hupulizia dawa ya dashibodi. Siku hiyo inameta. Mvua ikinyesha mara moja, kesho yake naona michirizi tu. Fundi mmoja wa rangi ananiitisha elfu kumi na mbili apulize bampa zote mbili. Jirani naye anasema nipake dizeli kila Jumapili, ndivyo yeye hufanya.

Siuzi gari, nataka kukaa nalo. Nipake nini kitakachokaa? Na hiyo rangi ya fundi ni kazi ya maana kweli?

Dere_Nakuru

Mwalimu, oili chafu ya injini. Huku kwetu Nakuru vumbi ni lile unalolijua, lakini nikipaka Jumamosi usiku, Jumapili bampa ni nyeusi kama mpya. Tena ni bure, unapewa gereji yoyote.

NyarKisumo

Mwalimu, karibu. Kazi yangu ni kusafisha na kung'arisha magari, niko Kisumu upande wa Mamboleo, na bampa za Probox ndizo zinanilipia kodi ya nyumba. Kwa hivyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kabla hujanunua chochote, fanya hivi leo jioni jua likishuka. Chukua maji kikombe kimoja, mwagia bampa. Utaona pale maji yalipopita pamegeuka nyeusi tititi. Sasa simama hapo ungoje pakauke. Ujivu utarudi taratibu, kuanzia kingoni kuja katikati.

Hilo jaribio linakuambia mambo mawili. Kwanza, weusi haujaisha. Plastiki hiyo ni polipropilini, na ukitoa bampa ukaangalia kwa ndani utakuta herufi PP zimechongwa, wakati mwingine PP+EPDM, yaani imechanganywa na aina ya raba. Weusi wake ni masizi laini yaliyochanganywa ndani yake tangu kiwandani, hayakupakwa juu. Pili, kilichoharibika ni ngozi ya juu peke yake. Miale ya jua inakatakata plastiki pale juu, inafanya nyufa ndogo sana ambazo jicho halizioni, na mwanga ukigonga nyufa hizo unatawanyika kila upande. Huo mwanga uliotawanyika ndio wewe unauona kijivu. Maji yakijaza nyufa, mwanga unapita, weusi unaonekana. Yakikauka, kwisha.

Ukishaelewa hapo, kila dawa unayoambiwa unaweza kuipima mwenyewe: inajaza nyufa kwa kitu gani, na kitu hicho kitakaa muda gani?

Dizeli na oili chafu, Dere kaka yangu kwa heshima zote, zinajaza, ni kweli. Ndiyo maana bampa yako ni nyeusi Jumapili. Lakini mafuta hayo hayakauki. Vumbi la murram linakuja linakaa juu yake, na baada ya wiki una tope la kahawia ndani ya kila kikwaruzo. Isitoshe yanateremka hadi kwenye raba za milango na za vioo, na raba ikilowa mafuta ya namna hiyo inavimba na kulegea. Mimi hupokea magari ya namna hiyo na kazi kubwa huwa kutoa mafuta. Kuyapaka ni dakika tano, kuyatoa ni asubuhi nzima. Tafadhali acha.

Dawa ya dashibodi ya vijana wa kuosha ni silikoni. Haina ubaya mkubwa, ila haishiki popote, imelala tu juu. Kisumu hii mvua ya alasiri ikianza unajua inavyopiga. Inaondoka nayo.

Rangi ya fundi: muulize swali moja tu, "Utatumia praima gani ya plastiki?" Praima ni ule mpako wa kwanza unaofanya rangi ishike. Polipropilini haipendi kushikwa na kitu chochote. Rangi ikipulizwa juu yake bila praima maalum ya plastiki, itabanduka vipande vipande, tena itaanzia palepale mawe ya barabarani yanapogonga. Akikujibu kwamba praima ni praima, chukua funguo zako uondoke. Akijua anachosema, kazi inaweza kuwa nzuri, lakini kumbuka ule mchoro wa vipele vidogo wa bampa unafunikwa, na ukishapaka rangi hutarudi nyuma kirahisi. Kwa bampa ambayo haijapasuka mimi singelipa hizo elfu kumi na mbili.

Ninachokushauri ni dawa ya plastiki ile inayokauka ikawa ngumu. Kwenye chupa huandikwa seramiki ya plastiki za nje. Wanaoagiza kutoka nje huleta ya Cerakote, inayokuja kwenye vitambaa vilivyoloweshwa dawa tayari. Inajaza nyufa kisha inagandia humo, mvua haiioshi. Chupa ndogo inatosha Probox nzima na inabaki.

Lakini sikia, Mwalimu: dawa ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni kusafisha, na hapo ndipo watu wengi wanatupa pesa. Bampa yako imepuliziwa silikoni miezi na miezi. Ukipaka dawa ngumu juu ya silikoni, umeipaka juu ya utelezi. Chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu, na brashi ya nywele laini. Sugua kwa miduara midogo, usipite tu juu juu, kwa sababu uchafu umekaa chini kati ya vile vipele. Povu la kwanza litatoka kahawia. Suuza, rudia. Povu likitoka jeupe, kausha, halafu pitisha kitambaa chenye spiriti. Kisha bandika kipande cha tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, ukivute. Kikishika vizuri, uko tayari. Kikitoka chenyewe bila kung'ang'ania, bado kuna mafuta, rudi kwa sabuni.

Nakuomba usitumie thina wala jiki. Thina ikidondokea rangi ya bodi umejitafutia gharama nyingine.

Kupaka: fanya asubuhi, kivulini, plastiki ikiwa baridi ukiigusa. Zungushia tepu mahali plastiki inapokutana na rangi. Weka matone machache kwenye sponji, paka kipande cha ukubwa wa daftari, ngoja kidogo kama chupa inavyosema, futa kilichozidi kwa kitambaa kikavu, endelea kipande kinachofuata. Usipokifuta, kitakauka na madoa yanayometameta na hutapenda. Halafu gari lisilowe hadi kesho yake. Kwa Kisumu hiyo inamaanisha ulale nalo chini ya paa, au uombe jirani wa dizeli akupe nafasi kwake.

Mwalimu_Maseno

Nimefanya jaribio la maji na ni vile vile ulivyosema, ujivu umerudi kutoka kingoni. Wanafunzi wangu wa fizikia watalifanya wiki ijayo.

Nimeona pia video ya mtu anapuliza bampa kwa hewa moto na inageuka nyeusi papo hapo bila dawa yoyote. Hiyo ni kweli ama ni mchezo?

NyarKisumo

Ni kweli. Ile mashine wanayotumia mafundi wa kubandika tinti. Badala ya kujaza nyufa, joto linayeyusha ngozi ya juu kabisa, nyufa zinajifunga. Ndiyo maana inashangaza sana ukiiona.

Mimi huitumia, lakini mahali pamoja: bampa ambayo imepauka hadi ukipitisha kidole kinatoka na unga. Zenye hali ya kawaida sizigusi. Polipropilini inayeyuka karibu na nyuzi 160 na mashine hizo hupita 500 bila shida, kwa hivyo mkono lazima utembee muda wote. Ukisimama mahali pamoja, vile vipele vinalala na unabaki na doa laini linalong'aa, na hilo halirekebishiki. Usiikaribie taa, kioo, vibandiko wala rangi ya bodi. Na lazima uoshe kwanza, la sivyo silikoni ya zamani itafuka moshi na kuacha madoa.

Jambo lingine ni kwamba hewa moto haiongezi kinga yoyote. Jua litaanza kazi yake upya kesho asubuhi. Kama utaipuliza, ipake dawa baadaye hata hivyo. Kwa gari lako, Mwalimu, anza na sabuni na dawa. Kava ya waipa peke yake ndiyo ningeifikiria kwa joto, tena ukiwa umeitoa kabisa kwenye gari, maana pale ilipo imezungukwa na kioo na rangi.

Shemeji_Kakamega

Dada, samahani niingilie. RAV4 yangu plastiki za juu ya magurudumu hazijapauka sana, lakini zina alama nyeupe, kama chokaa, tangu gari lipigwe polishi. Nimesikia siagi ya karanga inatoa.

NyarKisumo

Shemeji, hiyo ni polishi iliyokauka ndani ya vipele. Siagi ya karanga inaitoa kweli, mafuta yake yanailainisha, ila inabidi uioshe nayo itoke yote. Jaribu kwanza mswaki laini, maji moto na sabuni ya vyombo. Zikibaki alama chache, raba nyeupe ya kufutia penseli inazimaliza. Na ukipiga polishi tena, funika plastiki kwa tepu kabla fundi hajafungua kopo.

Dere_Nakuru

Dada nimekusikia. Sasa hii yangu ambayo imelowa oili mwaka mzima, bado ina maisha?

NyarKisumo

Ina maisha. Anza kwa kuifuta kwa matambara makavu hadi yatoke bila mafuta, ndipo uingie na sabuni, mara nyingi kuliko Mwalimu. Angalia raba za milango: zikirudi umbo ukizibonyeza, zioshe uziache. Ile tepu ndiyo itakuambia umefika. Usinunue dawa kabla tepu haijashika.

Mwalimu_Maseno

Swali la mwisho. Kwa nini kava ya waipa ndiyo imeungua kuliko bampa, na ni gari lile lile?

NyarKisumo

Kwa sababu imelala. Sisi hapa tuko karibu kabisa na ikweta, na Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Saa sita jua liko utosini, kwa hivyo kitu kilicholala kinapigwa sawasawa na kilichosimama kinapigwa kwa pembe. Angalia hata bampa yako ya nyuma: ule ukingo wa juu mnapowekea mizigo umepauka kuliko uso wake. Kwa hivyo sehemu zilizolala zipake mara mbili, ukiacha ya kwanza ikauke, na uzirudie mapema kuliko nyingine. Utajua wakati umefika ukimwagia maji ukaona yanalowesha plastiki na kutandaa badala ya kuteleza.