Bagamoyo: nyumba ya mawe inamwaga lipu, na chumba cha uani kimefika lenta (mkanda wa zege juu ya kuta). Nianze wapi?

Dunda_Uani

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa wanaozijua nyumba za mawe za pwani.

Nyumba ni ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, kata ya Dunda, mita kama 200 kutoka baharini. Haina ghorofa. Kuta zina unene wa sm 50, vyumba vyembamba vya m 2.7, juu boriti za mikoko. Ukarabati umefikia hapa: bati jipya paa lote, ndani limemwagwa jamvi la zege na vigae juu yake, nje nyumba imezungushiwa zege la upana wa mita moja, kuta zimepigwa lipu ya saruji 1 kwa mchanga 4 ndani na nje kisha rangi ya plastiki.

Lipu haijatimiza miaka mitatu. Kuanzia chini hadi kimo cha kifua imevimba, ukiigonga inalia kama debe tupu. Ikidondoka, nyuma yake kuna unga mweupe na chokaa ya zamani inamwagika kama mchanga. Imezibwa mara mbili kwa saruji, na safari hii unyevu umepanda juu kuliko mwanzo.

Uani kinaongezwa chumba cha m 4 kwa 3.5, tofali za saruji inchi 6. Kuta tatu zimefika lenta, wa nne ni ukuta wa nyumba ya zamani. Fundi anataka kutoboa mawe aingize nondo za lenta mle ndani.

Nauliza: lipu nifanyeje, lenta niiungeje, na boriti mbili zilizooza ncha zinatibika au ni kutoa dari nzima?

Mwiko_na_Timazi

Bandua hiyo lipu yote ya chini, nunua dawa ya kuzuia maji ya kuchanganya na saruji, piga 1:3, acha ikauke, rudia rangi. Ukuta utatulia.

Chokaa_Mbichi

Mkuu hapo juu, kwa heshima, hiyo ndiyo imemfikisha alipo. Hiyo dawa inazuia maji yasipite kwenye lipu. Maji yenyewe yako ukutani tayari, yanatoka ardhini. Hizi nyumba hazina nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi. Jiwe la tumbawe lina vitundu na linanyonya kama utambi wa kandili. Zamani maji yalipanda kidogo, yakatokea kwenye lipu ya chokaa, upepo ukayachukua. Ukiziba uso kwa saruji na plastiki, yanatafuta pa kutokea juu zaidi. Ndiyo maana kila akiziba, mstari unapanda.

Unga mweupe ni chumvi. Maji yanaileta ikiwa imeyeyuka. Yakikauka nyuma ya lipu, inaganda kuwa chembe, chembe zinakua na kusukuma. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, kwa hiyo kinachovunjika ni ukuta, siyo lipu. Dunda_Uani, huo mchanga unaomwagika ni chokaa ya mwenye nyumba wa kwanza inayoliwa.

Hata kabla ya lipu, niangalie hilo zege la nje na jamvi la ndani. Ardhi iliyokuwa ikipumua pande zote mbili imefunikwa, njia pekee iliyobaki ni ukutani. Ningeanza na nje: kata zege lote sm 60 kutoka ukutani, chimba mfereji wa kina cha sm 30 hivi, lakini usishuke chini ya kitako cha msingi. Misingi hii mara nyingi haina kina, kwa hiyo fukua shimo moja dogo kwanza uone mawe yanaishia wapi. Mteremko sm 1 kwa kila mita kuelekea mtaroni, jaza kokoto kubwa bila saruji. Maji ya bati yaingie kwenye gata na bomba. Tone linaloanguka kutoka kwenye bati likirushia ukuta tope kila masika litakurudisha hapo hapo.

Kisha bandua lipu hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Tumia tindo nyembamba na nyundo ndogo, anzia sehemu inayolia tupu, ingia kwa pembeni. Mashine ya kupasulia zege inang'oa na mawe. Kwangua viungo kina cha sm 2 hadi 3, ondoa kilichokufa. Chumvi ipige brashi ikiwa kavu na vumbi lake lizolewe likatupwe mbali. Ukiosha kwa maji unairudisha ndani. Halafu acha ukuta wazi. Ukuta wa sm 50 haukauki kwa wiki mbili, mpe miezi, na bahati nzuri kipupwe cha Juni hadi Agosti kinafaa kwa kukauka na pia kwa kupiga lipu, maana jua si kali.

Dunda_Uani

Asante sana, mkuu. Nimeelewa kuhusu zege. Sasa chokaa: ya mfuko inafaa au lazima ya tanuri? Mchanga nichukue wapi? Na mafundi wanasema bila saruji kidogo haitashika.

Chokaa_Mbichi

Ya mfuko inafaa ikiwa mbichi na mfuko haujapigwa na hewa. Chokaa iliyokaa dukani ikashika hewa imekwisha kazi. Shika konzi moja, ukikuta punje ngumu kama chaki, rudisha. Iloweke kwenye pipa angalau siku moja na usiku wake hadi iwe laini kama siagi. Ukipata ya mawe, iliyochomwa lakini haijazimwa, kanuni ni moja tu: chokaa inatiwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya chokaa. Inachemka kweli kweli, kwa hiyo miwani na glavu, na watoto wasiwepo. Ichuje kwa wavu, kisha iache chini ya maji wiki mbili au zaidi. Ikikaa miezi mitatu inakuwa tamu zaidi kwenye mwiko.

Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi na punje zake ni za mviringo. Tafuta wa mtoni, wenye punje kubwa na ndogo pamoja. Tia nusu chupa ya maji safi, jaza mchanga, tikisa, acha usiku kucha. Onja maji. Angalia pia tope lililotuama juu: kwenye mchanga wa kimo cha sm 10, tope likizidi nusu sentimita, osha au tafuta mwingine.

Saruji "kidogo" inafunga mapema kabla chokaa haijakomaa, inaziba vitundu tulivyokuwa tunavitafuta, na inaongeza chumvi yake. Ukitaka ishike upesi kwenye eneo lenye unyevu, tumia unga wa tofali la kuchoma lililosagwa likawa laini: chokaa 1, mchanga 2 na nusu, unga wa tofali nusu. Sehemu nyingine chokaa 1, mchanga 3. Vyote kwa ndoo, siyo kwa chepe, maana chepe la asubuhi si la saa tisa.

Hesabu ya mita 10 za mraba kwa unene wa mm 25: ukutani zinaingia lita 250, ukiweka za kupotea na mashimo fanya 300. Hizo ni ndoo 15 za lita 20 za mchanga na ndoo 5 za chokaa, maana chokaa inajaa katikati ya punje za mchanga. Mfuko wa kilo 25 ni karibu lita 50, kwa hiyo mifuko 2. Nunua 3, hizi kuta hazijanyooka.

Kupiga: lowanisha ukuta jana yake na tena asubuhi, uwe na ubaridi bila maji kutiririka. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vipande vya jiwe na chokaa, siyo chokaa tupu. Mkono (tabaka) wa kwanza unarushwa kwa mwiko, haukandikwi, unene mm 10 hadi 12. Kurusha kunafukuza hewa nyuma; ukipaka unaacha mfuko, na mfuko ndio utakaolia kama debe. Ukishikana, kwaruza mistari ili mkono wa pili upate pa kung'ang'ania. Kipimo cha kuendelea ni kidole: gumba lisizame, lakini ukucha bado uache alama. Mara nyingi ni wiki moja. Mkono wa pili mm 10, wa mwisho mm 3 hadi 5. Kila mkono ufunikwe magunia yaliyoloweshwa, siku saba kwa uchache, hasa upande wa upepo wa bahari. Chokaa haigandi kwa kukauka. Inakomaa kwa kuvuta hewa taratibu ikiwa na unyevu. Ikikauka jua kali siku ya kwanza inakuwa unga, na hapo fundi atasema "si nilikwambia?"

Rangi ni maji ya chokaa, mepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Ya plastiki usirudishe.

Raskazone_TNG

Nyongeza kutoka Tanga, mkonge ni wetu: nyuzi zilizokatwa sm 2 hadi 3, gramu 100 kwa ndoo ya lita 20 ya lipu, mikono miwili ya kwanza tu. Zichambue kwa mkono unapotia, zikiingia kwa fundo utakuta kiota ukutani. Zinapunguza nyufa sana.

Sasa lenta. Usikubali nondo ziingie kwenye mawe. Nyumba ya matumbawe na chokaa inacheza taratibu, chumba cha saruji hakichezi, na msingi mpya utatulia kwa mwendo wake. Ukivifunga pamoja, ufa utapita kwenye mawe, maana ndiyo dhaifu. Tena nondo iliyozungukwa na mawe yenye chumvi inakula kutu, kutu inavimba, jiwe linapasuka.

Simamisha nguzo mbili mwisho wa kuta zako mpya, sm 23 kwa 23, nondo 4 za mm 12, kila moja na kitako chake cha zege sm 80 kwa 80 kwa 20. Mashimo ya vitako yachimbwe moja baada ya jingine, siyo yote kwa siku moja, na yasishuke chini ya msingi wa zamani. Kama hakuna nafasi ya kitako kukaa katikati ya nguzo, mpigie mhandisi kabla ya kumwaga. Kati ya nguzo na ukuta wa zamani acha sm 2, jaza sponji na juu yake silikoni. Juu ya nguzo pitisha boriti ya zege ya m 4: upana 23, kimo 30, chini nondo 3 za mm 16, juu 2 za mm 12, ringi (vyuma vya kuzungushia nondo) za mm 8 kila sm 20, karibu na nguzo kila sm 15. Hii ni kwa paa la bati tu.

Kuta tatu zilizobaki ni mita 11 za lenta ya sm 15 kwa 20. Nondo 4 za mm 12, maungio yapitane sm 60, na kwenye kona zikunjwe ziingie ukuta wa pili, zisikutane tu ncha kwa ncha. Nunua nondo 5 za mita 12. Kwa karibu na bahari zege la kufunika nondo liwe mm 40 kila upande, hivyo ringi inabaki sm 7 kwa 12. Ukiongeza vikunjo ni sm 48, nondo moja ya mm 8 inatoa ringi 25, unahitaji 56, chukua nondo 3. Tengeneza biskuti za zege za mm 40, za kuinulia nondo, siku tatu kabla. Mawe ya kuokota chini ya nondo ndiyo yanayoleta zile lenta za miaka kumi zinazochungulia kutu.

Zege 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto), kokoto zisizidi robo tatu inchi, la sivyo hazipiti kati ya nondo kwenye nafasi hiyo finyu. Maji lita 22 hadi 25 kwa mfuko wa kilo 50, ukipunguza ikiwa mchanga umelowa. Lenta, boriti, nguzo na vitako vyote ni mifuko kama 9 ya saruji. Mbao za pembeni toa baada ya siku mbili, za chini ya boriti ya m 4 zikae siku 14 na mirunda yake. Kumwagilia siku saba, kwa maji ya bomba. Maji ya kisima cha chumvi yanaharibu yote niliyoandika.

Mkazi_Nianjema

Kuhusu boriti: zilizooza ncha zinatibika. Simamisha mirunda na ubao juu na chini, moja moja. Dunga kwa ncha ya tindo hadi upate mti mzima, kata hapo, ambatisha mti mpya pembeni ukipitana na mzima sm 60 au zaidi, boliti za mm 12. Ncha ikalie jiwe bapa, na kuzunguka ncha acha nafasi ya sm 2 ya hewa. Kilichoziozesha ni saruji iliyosindiliwa pale. Boriti mpya za mikoko zinunue kwa muuzaji mwenye kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), mikoko haikatwi kiholela.

Na kabla ya tindo la kwanza pita ofisi ya Mambo ya Kale. Sheria ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na nyumba ya Mji Mkongwe ni bora uulize kuliko kusimamishwa. Chumba cha uani kina kibali chake cha halmashauri.

Dunda_Uani

Nimepima leo kwa pima maji. Zege la nje liko juu ya sakafu ya ndani kwa sm 14 upande wa mlango, na sm 9 upande wa uani.

Chokaa_Mbichi

Basi maji ya mvua yanasukumwa ndani. Anza upande wa mlango, shusha ardhi ya nje iwe chini ya sakafu walau sm 15. Ukishabandua lipu, chora mstari wa unyevu kwa penseli kwenye mawe, andika tarehe, rudia kila mwezi. Mstari ukishuka, nunua chokaa. Ukikaa pale pale miezi mitatu, usinunue bado. Fukua bomba la maji machafu linalopita uani uone kama halivuji.