Naomba ushauri: binti yangu wa darasa la awali na kazi za kusoma, kuandika na kuhesabu

Ndugu zangu, hasa walimu wa madarasa ya awali, naomba ushauri wenu. Binti yangu ana miaka 5 na anasoma darasa la awali hapa Morogoro. Irabu zote anazitambua na silabi za ba, be, bi anazisoma vizuri, lakini akiambiwa aandike "dada" huandika "baba". Katika hesabu, anataja namba hadi 50 kwa wimbo, ila nikimwomba anihesabie maharage 8 mezani, mengine huyaruka na mengine huyahesabu mara mbili. Hili linanitia wasiwasi zaidi kuliko hizo herufi, maana naona anakariri bila kuelewa idadi. Shuleni tayari wanapewa imla ya sentensi nzima na kujumlisha kwa kupanga wima, kazi ambazo kwa maoni yangu zingesubiri darasa la kwanza, ilhali mtoto bado anashika penseli kwa ngumi. Je, nimwone mwalimu nimwombe ampunguzie kazi hizo, au nivumilie huku nikimfundisha nyumbani kwa vizibo vya soda na kumsomea hadithi jioni? Na ni mazoezi gani humsaidia mtoto wa umri huu kutofautisha b na d?