Tupeane uzoefu: mwanao kachukua mwili wa nani?

Mfupi Mwenzenu
Wazazi, hamjambo? Wa kwanza wangu alizaliwa na kilo 4.1, ndugu wakasema nimeleta jitu. Mimi mfupi, baba yake naye hajawahi kuinama mlangoni. Kufika miezi 18 alikuwa ameshuka mistari miwili ya ukuaji kwenye kadi ya kliniki, na kila mgeni ananiuliza kama namlisha. Nesi akaipokea kadi, akapitisha kidole nukta kwa nukta, kisha badala ya kumtazama mtoto akanitazama mimi, kichwani hadi miguuni. "Baba yake ana urefu gani?" Akanieleza kuwa uzito wa kuzaliwa unasema zaidi habari za tumboni: afya ya mama, kondo la nyuma lilivyofanya kazi. Jeni za urefu, yaani vile vinasaba anavyorithi kwa wazazi, huja kujitokeza baadaye, na watoto wengi huhama mistari ndani ya miaka miwili ya kwanza wakitafuta njia yao. Wangu ana miaka saba sasa, njia yake hajaiacha. Leteni za kwenu.

Mama Kurwa
Wangu ni pacha wa kufanana. Kurwa kilo 2.6, Doto 1.9. Walichangia kondo moja na mgao haukuwa sawa. Jeni zilezile, sasa tofauti imetoka wapi kama si mazingira, tena ya tumboni? Doto nilimbeba kama yai. Leo wana miaka sita, ukiwasimamisha mgongo kwa mgongo unahitaji rula kujua nani kampita mwenzake. Uzito tu ndio Doto bado yuko nyuma kidogo.

Mlezi
Wangu sikumzaa, nilimchukua ana miezi mitatu. Tunakula sufuria moja, na ana miaka 12 tu lakini kashanipita. Denmark waliwafuatilia watoto wa kulea, matokeo yakatoka 1986: walipokuwa watu wazima, unene na wembamba wao ulielekea kwa waliowazaa, si kwa waliowalea.

Nguzo
Taratibu, msizibebeshe jeni kila kitu. Kwetu tumezaliwa wawili, baba mmoja mama mmoja. Miaka miwili ya mwanzo ya kaka yangu ilikuwa ya maji machafu na kuhara kusikokwisha. Mimi nilizaliwa maji safi yameshafika nyumbani. Utaratibu ulikuwa nguo zake zishuke kwangu. Nilipofika miaka kumi zikaanza kupanda, zinazonibana mimi anavaa yeye. Hakuwahi kulalamika, na hilo ndilo linaloniuma.
Shirika la Afya Duniani lilipima watoto waliotunzwa vizuri Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Urefu wao ukawa karibu sawa hadi miaka mitano, ndipo vikatoka viwango vya ukuaji vya 2006. Wanawake wa Korea Kusini nao wameongezeka kama sentimita 20 ndani ya miaka mia. Jeni hazibadiliki kwa kasi hiyo.

Mlezi
Sijakataa, kaka. Nasema tu wangu ni mrefu na sikuchangia chochote zaidi ya sufuria.

Bonge Mstaafu
Mabinti wawili, meza moja. Mkubwa anasahau sahani, mdogo anamaliza yake na macho yako kwa dada yake. Nilimsema sana, najuta. Mwaka 2007 iligunduliwa jeni ya FTO: mtu mzima mwenye nakala mbili za aina inayonenepesha huzidi kwa wastani kilo 3 hivi, na inapitia zaidi kwenye hamu ya kula. Sijampima, ila nimeacha kumwita mlafi. Tunatembea wote jioni, maana mwili ukishughulishwa nguvu ya jeni hiyo hupungua.

Mchelewaji
Mimi nilikaa mbele kwenye kila picha ya darasa hadi miaka 16. Wakanipiga eksirei ya mkono wa kushoto, umri wa mifupa ukaonekana uko nyuma kwa miaka miwili. Sikupewa dawa. Nilikuja kurefuka wenzangu wameshasimama. Sasa kijana wangu ana 13, kanirithi mpaka hasira ya kupigwa picha.

Mama Kurwa
Halafu angalieni mnavyopimiwa. Doto alipotimiza miaka miwili "alifupika". Nimelia njia nzima. Kumbe mwezi uliopita alipimwa amelala, safari hii kasimama! Peke yake hiyo inakula kama sentimita 0.7.

Mfupi Mwenzenu
Walioniuliza hesabu ya nesi ya kukadiria urefu wa mtoto akishakua: jumlisha urefu wa baba na mama kwa sentimita, mvulana ongeza 13, msichana toa 13, gawa kwa mbili. Ruhusu kama nane juu au chini. Mimi 152, mume 165, kijana wetu inakuja 165.

Nguzo
Na mtoto wa miaka minne aliyekuwa kwenye njia yake, akaanza kuiacha?

Mfupi Mwenzenu
Huyo hatumhesabii, kaka. Mpeleke na kadi zake zote za nyuma. Tezi ya koo, utumbo, figo, homoni ya ukuaji, yapo mengi ya kutazamwa.

Nguzo
Sawa. Kesho asubuhi.